Nani Anamla Nondo wa Nta? Wajue Maadui Zake Kabla Hujanunua Dawa

Swali ninalopigiwa simu sana msimu huu ni moja: "Mtaalam, kuna dawa gani ya nondo wa nta?" Wanaouliza wengi ni wafugaji wapya, wana mizinga kumi mpaka hamsini, na wengine wameinunua kwa mkopo wa halmashauri, lile fungu la asilimia 4 la vijana. Kwa hiyo mzinga ukiharibika si masega tu yameharibika. Kuna rejesho linasubiri.

Ushauri wangu ni huu: kabla ya kuuliza dawa, uliza kwanza nani anamla huyo nondo. Ana maadui wengi, na baadhi yao tayari unao hapo kwenye manzuki yako. Ukipuliza sumu ovyo unawaua wao, unawaua na nyuki, halafu nondo anarudi kwenye eneo ambalo halina mlinzi.

Tuliyoyakuta Ruhuwiko

Mwezi wa pili niliitwa na kikundi kimoja cha vijana hapa Ruhuwiko. Walikuwa na mizinga 15 ya kisasa, ile ya viunzi vya juu. Minne ilikuwa mitupu. Ukifungua unakuta utando mweupe kama pamba iliyochanwa, vinyesi vyeusi vidogo kama punje za baruti, na viwavi wanene wa rangi ya maziwa wanakimbia mwanga. Nta yote imegeuka vumbi.

Kijana mmoja alikuwa ameshabeba bomba la kupulizia mgongoni, ndani kuna dawa ya viwavijeshi iliyobaki kwenye mahindi. Akaniuliza, "Mtaalam, nipulize humu ndani nifunge siku mbili, si watakufa?"

Nikamwambia, "Watakufa, mdogo wangu. Ila mzinga huo utaweka nyuki gani tena? Na asali ya humo utamuuzia nani?"

Nta inanyonya sumu na kuitunza muda mrefu. Ukishapulizia sega au mbao za ndani, nyuki watakaoingia baadaye watalala juu ya sumu, na asali itaguswa na sumu hiyo. Wanunuzi wakubwa, hasa wanaopeleka asali Ulaya, wanapima mabaki ya kemikali. Hivyo hivyo kwa vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kwenye nguo. Kuna watu wanavitupia ndani ya masanduku ya masega. Usifanye hivyo. Harufu yake na kemikali yake vinaingia kwenye nta, na kutoka kwenye nta vinaingia kwenye asali.

Bomba likawekwa chini. Tukaanza kufungua mizinga 11 iliyobaki, mmoja baada ya mwingine. Nitawaambia tulichokuta, ila kwanza tumjue huyu mdudu.

Mjue nondo mwenyewe

Wapo wawili: nondo mkubwa wa nta, kitaalamu Galleria mellonella, na nondo mdogo wa nta, Achroia grisella. Anayetusumbua zaidi ni yule mkubwa.

Jike huingia mzingani usiku, wakati walinzi ni wachache, na kutaga mayai kwenye nyufa ambazo nyuki hawafiki. Anataga mayai 300 hadi 600, wengine huzidi hapo. Kukiwa na joto, yai linaanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5. Nondo mkubwa mwenyewe hali kitu kabisa. Mharibifu ni kiwavi.

Hapa sikiliza vizuri: kiwavi hashibi kwa nta safi. Anachotafuta ni chavua, magamba yaliyoachwa na majana, na uchafu mwingine uliojishikiza kwenye sega. Ndiyo maana sega jeupe jipya linaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa, wakati sega jeusi lililolelewa majana miaka kadhaa linaisha haraka. Sega jeusi ndilo ugali na mboga wa nondo.

Joto linamharakisha na baridi inamchelewesha. Kiwavi anaweza kumaliza ukuaji kwa mwezi mmoja hivi kwenye joto, au akavuta hadi miezi sita kwenye baridi. Kwa hiyo Juni na Julai hapa Songea, baridi inapokaza, utaona kama ametulia. Hajafa. Anasubiri.

Akishakomaa, anachimba vijishimo vyenye umbo la mtumbwi kwenye mbao za mzinga na kujifunga ndani ya kifukofuko kigumu. Ukiona vijishimo hivyo kwenye mzinga wa kununua, jua ulikuwa na wageni.

Adui namba moja ni nyuki wenyewe

Hakuna kiumbe anayemmaliza nondo wa nta kuliko kundi la nyuki lenye nguvu. Nyuki wanakamata viwavi wachanga na kuwatupa nje, wanaziba nyufa kwa gundi yao, na walinzi wanamfukuza nondo mlangoni. Sega lililofunikwa na nyuki pande zote mbili halina nafasi ya nondo.

Nondo anaingia nyuki wakishapungua. Na nyuki wetu wa Kiafrika wana tabia ya kuhama haraka wakikosa chakula au wakisumbuliwa. Wakihama wanaacha masega, na baada ya wiki chache ukifungua unakuta viwavi, unasema nondo amefukuza nyuki. Mara nyingi nondo amekuja msibani tu, si yeye aliyeua.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wale vijana. Kwenye mavuno walikuwa wamekamua asali yote bila kuwaachia nyuki akiba. Mvua zikaja, maua yakawa machache, na mashamba ya mahindi ya jirani yakapulizwa kwa ajili ya viwavijeshi wakati nyuki wako kazini. Katika mizinga 11 tuliyofungua, minane ilikuwa na nguvu na hatukuona kiwavi hata mmoja wa maana. Mitatu ilikuwa na nyuki wanaofunika viunzi vinne tu, katika mzinga wenye viunzi zaidi ya ishirini. Huko ndiko tulikokuta utando unaanza.

Tulichofanya: tukatoa masega meusi yasiyo na nyuki, tukaweka ubao wa kutenga ili nyuki wabaki kwenye chumba kidogo wanachoweza kukilinda, tukapunguza mlango, na kuwapa maji ya sukari kwa wiki tatu. Baada ya miezi miwili, makundi mawili yalikuwa yamefika viunzi tisa. La tatu lilihama. Hatukutumia tone la sumu.

Vinyigu vimelea: wadogo lakini wakali

Kuna nyigu wadogo sana, hawafiki hata milimita tano, ambao maisha yao yanategemea viwavi wa nondo. Mmoja anaitwa Apanteles galleriae. Jike anamchoma kiwavi mchanga na kuweka yai ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu anakula kiwavi kutoka ndani, kisha anatoka na kujisokotea kifukofuko cheupe pembeni. Kiwavi anakufa kabla hajafanya uharibifu mkubwa.

Mwingine ni Bracon hebetor. Huyu anamchoma kiwavi mpaka anapooza, kisha anataga mayai juu ya ngozi yake. Bracon anashambulia pia viwavi wa nondo wa maghalani. Kule Niger na nchi jirani za Saheli, wakulima na watafiti wamekuwa wakimzalisha kwenye vifuko vya nafaka na kumwachia mashambani kupambana na kiwavi wa masuke ya uwele. Yaani si hadithi, ni kazi inayofanyika Afrika hii hii. Tena kuna jamii ya vinyigu vidogo zaidi, Trichogramma, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, hivyo kiwavi hazaliwi kabisa.

Je, unaweza kuwategemea peke yao? Hapana. Vinyigu hawa wanafanya kazi zaidi kwenye masega yaliyoachwa, mizinga mitupu na stoo. Ndani ya mzinga wenye nyuki wengi, nyuki hawamruhusu mgeni yeyote kuzurura. Lakini wanapunguza idadi ya nondo katika eneo lako lote, na hiyo ni faida unayoipata bure.

Wanachohitaji kutoka kwako ni mambo mawili. Kwanza, maua madogo madogo, kwa sababu kinyigu mkubwa anakunywa maji matamu ya maua. Usifyeke kila jani kuzunguka manzuki, acha ukanda wenye maua ya porini. Pili, usiwapulizie sumu. Ruvuma ni kati ya mikoa mikubwa ya mahindi, na tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017 pampu hazipumziki. Ongea na jirani yako apulize jioni nyuki wakisharudi, na ikiwezekana mizinga ikae mbali na shamba linalopulizwa.

Popo, mijusi na buibui

Nondo anaruka usiku, na usiku kuna popo. Vita kati yao ni ya zamani mno. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Scotland, walionyesha kwamba nondo mkubwa wa nta anasikia sauti hadi kilohezi 300. Binadamu anaishia kilohezi 20 hivi. Sikio kali namna hiyo linamsaidia kumkwepa popo anayewinda kwa sauti. Kwa hiyo popo waliopo kwenye miti ya jirani wana kazi wanayokufanyia. Usiwafukuze kwa imani za ushirikina.

Mijusi wa ukutani na buibui wanakula nondo wanaotua stoo. Ndani ya stoo ya mizinga mitupu waache waishi. Kwenye mzinga wenye nyuki, mjusi anakula nyuki pia, hivyo weka mizinga juu ya waya au stendi yenye miguu iliyopakwa grisi.

Sisimizi: rafiki mwenye masharti

Sisimizi wanabeba mayai na viwavi wachanga wa nondo vizuri sana. Nimeona kipande cha sega chenye viwavi kikisafishwa na sisimizi kwa siku moja. Tatizo ni kwamba hawachagui. Wakizoea njia ya mzingani watakula majana na asali, na siafu wakipita usiku mmoja wanamaliza kundi zima. Ushauri wangu: sisimizi wasikanyage mzinga wenye nyuki hata siku moja.

Rafiki bora kuliko sisimizi ni kuku. Ukitoa sega lenye viwavi, lipeleke bandani. Kuku wanachambua viwavi wote kwa raha, na kinachobaki unakiyeyusha kupata nta. Mwenye bwawa la samaki naye anaweza kuwapa samaki. Adui anakuwa chakula cha mifugo.

Ndege anayeongoza warina asali

Wazee wetu wanamjua ndege mdogo anayewaita watu na kuwapeleka kwenye mti wenye nyuki. Ndege huyu ana uwezo ambao viumbe wachache wanao: anakula nta na kuimeng'enya. Na kati ya vyakula vyake wamo viwavi wa nondo wa nta, anaowachokonoa kwenye masega yaliyoachwa na nyuki.

Mto Ruvuma unaanzia kwenye milima yetu hii ya Matogoro. Ukiufuata mpaka kule chini, ng'ambo upande wa Msumbiji unakuta hifadhi ya Niassa. Huko Claire Spottiswoode na wenzake walifanya utafiti na warina asali wa Kiyao, uliochapishwa mwaka 2016. Waligundua kwamba mrina asali akitoa mlio maalum wa jadi, nafasi ya kuongozwa na ndege inapanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na nafasi ya kupata nyuki inapanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Ndege anaonyesha, mtu anafungua mti, ndege anapata nta yake.

Kwa mfugaji wa mizinga ya kisasa, ndege huyu hatakulindia mzinga. Kazi yake ni kusafisha porini, kwenye mapango ya miti ambako nondo wanazaliana. Ukikata miombo yote kuzunguka manzuki unamfukuza yeye, unafukuza na maua ya nyuki wako.

Wadudu wasioonekana kwa macho

Kuna bakteria anaitwa Bacillus thuringiensis. Wakulima wa kabichi wanamfahamu kwa kifupi cha Bt. Kiwavi akimla pamoja na chakula, sumu yake inaharibu utumbo wa kiwavi na anakufa. Aina inayoitwa aizawai ndiyo iliyotengenezewa dawa ya nondo wa nta, na nchi kadhaa wanaipulizia kwenye masega makavu kabla ya kuyahifadhi. Haidhuru nyuki. Ila zingatia: inaua viwavi, hasa wachanga, haiui mayai wala nondo mkubwa. Na usichukue Bt yoyote dukani ukaanza kujaribu. Uliza kwanza kama imesajiliwa na TPHPA, na kama lebo inaruhusu matumizi hayo.

Kuvu kama Beauveria bassiana naye anaua viwavi, lakini anashambulia wadudu wa aina nyingi, kwa hiyo usimpeleke mzingani kwa kubahatisha.

Halafu kuna minyoo midogo ya udongoni, Steinernema na Heterorhabditis. Inaua viwavi wa nondo wa nta kiasi kwamba wanasayansi huwafukia viwavi hao kwenye udongo kama chambo cha kuinasa minyoo hiyo. Kuna watu wakisikia hivyo wanataka kumwaga minyoo chini ya mizinga. Haitasaidia kwa nondo, maana nondo anamalizia ukuaji wake ndani ya mzinga, haendi udongoni. Anayeshuka udongoni ni yule mbawakavu mdogo wa mzinga. Usitumie pesa kwa adui asiye wako.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kituo cha icipe walichapisha mapitio marefu ya maisha ya nondo huyu na njia za kumdhibiti. Ukiyasoma unaona kitu kimoja: maadui wa asili wapo wengi, lakini hakuna mmoja anayetosha peke yake. Usimamizi wako ndiyo unaowaunganisha.

Sasa ufanye nini?

1. Kagua kila baada ya wiki mbili wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, ambapo makundi mengi yanadhoofika. Angalia masega ya pembeni na chini ya viunzi.

2. Wakati wa kurina, acha asali ya akiba. Kundi lenye njaa ndilo linalomkaribisha nondo.

3. Nyuki wafunike masega yote. Kama hawafiki, toa masega ya ziada na weka ubao wa kutenga.

4. Kila mwaka toa masega mawili matatu meusi kuliko yote. Nyuki watajenga mapya, na nondo atakosa chakula.

5. Usitupe vipande vya masega chini ya mizinga. Yeyusha nta ndani ya siku chache baada ya kurina. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji ya moto na gunia safi la kuchujia vinatosha.

6. Masega unayotaka kuhifadhi yaweke kwenye friza. Nyuzi 15 chini ya sifuri zinaua hatua zote za nondo, mayai yakiwemo, kwa saa mbili. Mimi nashauri siku mbili, ili baridi ifike katikati ya mzigo. Yakitoka, yafunge vizuri. Huna friza? Yaning'inize sehemu yenye mwanga na hewa inayopita, maana nondo anapenda giza na utulivu.

7. Mzinga uliohamwa usiuache umefungwa "mpaka nipate nafasi". Ufungue siku hiyo hiyo, ukwangue, pitisha moto ndani kwenye nyufa, kisha paka nta na mchaichai ukisubiri kundi jipya.

Hesabu ya mwisho

Inakadiriwa nyuki wanatumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Kila sega zuri linaloliwa na nondo ni asali ambayo nyuki watalazimika kuila tena kabla hawajakuwekea wewe chochote. Ukilinda masega mazuri umeshalinda sehemu ya mavuno yajayo, na rejesho la mkopo nalo linapumua.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: fungua mzinga wako dhaifu kuliko yote, hesabu viunzi vilivyofunikwa na nyuki, andika kwenye daftari. Vikiwa chini ya vitano, punguza chumba leo. Kama kuna utando umeanza, kata sega hilo, wape kuku, na umpigie afisa ufugaji nyuki wa wilaya yako kabla hujagusa bomba la dawa.

Kazi njema, na nyuki wasikuhame.